Nta Kwenye Panga la Feni

Kalunde mwanangu,

Sikuulizi hali. Asubuhi hii nimekuona ukimaliza sahani yako ya viazi na kumsaidia mdogo wako ya kwake, kwa hiyo hali yako naijua kuliko daktari. Yangu mimi ndiyo mbaya. Nimekaa jikoni na daftari la kikundi cha akina mama, nimeligeuza nyuma ambako hakujaandikwa, naandika haraka kabla hujarudi kutoka Kwihara kumuaga bibi yako. Najua hatakuachia mapema. Atakuambia tena kwamba babu zake walikwenda pwani kwa miguu, mzigo begani, miezi na miezi, na hakuna aliyelia, na wewe unakwenda kwa basi lenye mapazia na macho yamekuvimba. Mwache aseme. Yeye mwenyewe alilia siku tulipomhamisha kutoka nyumba ya mbele kwenda ya nyuma.

Mambo ya kula na kulala sikuandikii. Hayo baba yako atakuambia kesho stendi, ameyapanga, nimemsikia akiyafanyia mazoezi huko bandani kwenye mizinga. Sisemi habari ya kufunga mlango. Sisemi usimpe mtu simu yako akuangalizie saa. Matobolwa yako, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, yamo kwenye mfuko wa bluu, chini ya viatu, na viatu nimevifunga nailoni mbili, kwa hiyo usije ukasema yananuka viatu. Basi, hayo nimeyamaliza.

Nataka kuzungumza habari ya Jumanne.

Jumanne tulikuwa tunachambua mchele, ukanieleza kazi yako. Ukasema ndani ya ule mtambo wa umeme kuna gurudumu, na kwenye gurudumu kuna mapanga yamepangwa duara, mengi, kama yale majani ya njano ya ua la alizeti. Gesi ikiwaka inayasukuma, yanazunguka mpaka jicho haliwezi kuona panga, linaona ukungu tu. Na kwenye ganda la mtambo mmeweka vitambuzi, vidogo kama vifungo vya koti. Havigusi panga lolote. Kazi yao ni kungoja. Kila panga lina wakati wake wa kupita mbele ya kitambuzi, na likiwahi au likichelewa, hata kwa muda mfupi kuliko kope kugonga kope, maana yake ncha yake inatikisika. Na panga likiacha mtikisiko wake wa siku zote likaanza mwingine, huenda lina ufa, ambao hakuna atakayeuona mpaka mtambo ufunguliwe. Au mpaka ujifungue wenyewe.

Wewe ulidhani sielewi, maana niliendelea kutoa mawe. Mwanangu, nilielewa mpaka nikaogopa. Miaka kumi na mitano nimesimama mlangoni kanisani kukaribisha watu. Mama Zakayo, mwenyekiti wetu wa akina mama, hupita mlangoni wimbo wa kwanza ukiwa ubeti wa pili. Si wa kwanza, si wa tatu. Mwaka ule alipoanza kupita kwenye ubeti wa tatu, Jumapili tatu mfululizo, sikumgusa wala sikumuuliza kitu, nilijua tu kwamba nyumbani kwake kuna jambo limepasuka. Na kweli, mkwe wake alikuwa amehamia na watoto wanne na redio.

Halafu ukanieleza habari ya panga la kumi na saba. Kwamba katika miezi hii mitatu ya mafunzo wewe ndiye uliyekuwa ukisoma vipimo, na mwezi wa mwisho panga la kumi na saba likaanza kuchelewa. Kidogo. Halafu kidogo tena. Ukamwonyesha mkubwa wako wa zamu, naye akakuambia, "Binti, huu mtambo nimeukuta na nitauacha. Kinachoumwa hapo ni kitambuzi." Na kwenye fomu ya siku hiyo, palipoulizwa hali ya mapanga, ukaandika "nzuri."

Jumatatu unakabidhi ripoti yako ya mafunzo, yenye fomu ya swali hilohilo, na hiyo ndiyo watakayoisoma waamue kama wanakuajiri. Ukiandika habari ya la kumi na saba, mtambo utasimamishwa ufunguliwe, na wakikuta hakuna kitu, wewe ndiye yule msichana wa Tabora aliyewazimia watu umeme kwa kitambuzi kibovu. Usipoandika... Ukaokota punje moja ya mchele ukaitazama kama imekukosea. Ukaniuliza, "Mama, ungekuwa wewe?"

Nami nikakujibu, "Wakubwa wakishasema, mwanangu, ya nini kujitafutia makubwa? Andika nzuri, upate kazi."

Ukasema, "Haya, mama."

Ile "haya" yako imenikaa kooni kama mwiba wa sato. Jumatano nikatia chumvi kwenye maharage mara mbili, baba yako akala, akanywa maji ya mtungi mzima. Maana ulipouliza ungekuwa wewe, jibu la kweli ni kwamba nilishawahi kuwa mimi, na hilo sikukuambia.

Unaikumbuka feni ya kanisani. Kila mtu anaikumbuka. Lakini unavyoikumbuka wewe na wenzako sivyo ilivyokuwa.

Kikundi chetu kilikaanga maandazi mwaka mzima mpaka tukapata feni moja ya darini. Aliyekuja kuifunga ni fundi Seif, yule wa duka la umeme nyuma ya soko mjini, wa ukoo wa Waarabu wa zamani wa Tabora, anayekijua Kinyamwezi kuliko mimi. Alifunga, akavuta, akaning'inia mwenyewe kwenye ndoano tuone. Akasema, "Akina mama, jambo moja tu. Hii si kamba ya nguo."

Tulicheka mpaka Mama Zakayo akashika mbavu. Nani huyo mjinga wa kutundika nguo kwenye feni?

Mwanangu, ni mimi.

Nilikuwa kamati ya usafi. Ilikuwa masika, nimefua mapazia ya madhabahu, yale mazito mekundu, mvua haikati, na Jumapili iko mlangoni. Nikainua macho, nikaona mapanga matatu yamekaa bure. Nikasema, ni ya usiku mmoja tu. Asubuhi nakuta panga moja limelala kama sikio la mbuzi. Nikalinyoosha kwa mikono. Nikawasha. Feni ikaanza kuyumba kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake kwenye nyumba ya jirani. Nikazima, nikatazama huku na huku. Kanisani hakuna mtu ila mimi na Mungu, na Mungu hakusema kitu.

Sasa mtu mwingine angekwenda kumwita fundi. Mimi nikakumbuka kwamba mume wangu ni mrina asali. Nikaenda nyumbani nikachukua nta, nikapanda juu ya benchi juu ya meza, nikabandika donge kama karanga kwenye panga la upande wa pili. Nikawasha. Afadhali. Nikaongeza donge kama yai la kanga. Ikazidi. Nikapunguza. Nilipanda na kushuka mpaka saa sita mchana, na mwisho ikatulia kabisa, feni ikawa inazunguka kama maji. Nikasimama chini yake mikono kiunoni, nikajiona nimesoma.

Hilo ndilo kosa langu, Kalunde. Mapazia yalikuwa ujinga tu. Nilipoituliza, nilidhani nimeiponya.

Masika ikapita, kipupwe kikapita hatukuiwasha. Mwezi wa tisa joto likaanza na feni ikaanza kutetemeka. Kila Jumamosi nikifagia, napanda naongeza nta. Jumamosi moja nikaokota skrubu sakafuni, chini yake. Nikaigeuza mkononi. Nikaitia kwenye kopo langu la vifungo.

Na usidhani ni mimi peke yangu niliyeona. Waumini walianza kukaa pembeni. Benchi la katikati likawa tupu, watu wamebanana ukutani kama dagaa kwenye kopo, hakuna anayesema kitu. Ungesemaje? Akina mama wamekaanga maandazi mwaka mzima, useme feni yao inatetemeka? Mchungaji yeye alisema inacheza kwa furaha. Waliobaki benchi la katikati ni watoto, kwa sababu ndipo penye upepo. Na wewe ukiwa mmoja wao, miaka kumi na mitatu, gauni la njano. Nilikuwa mlangoni nikikuona umekaa pale. Nikasema moyoni, nta inatosha.

Ile Jumapili ya mwezi wa kumi walikuja wageni, kwaya ya Puge, na ngoma yao na jogoo wa zawadi wamemfunga mguu wa mimbari. Bati linawaka. Watoto mlitolewa nje mjipange muingie na wimbo wenu wa kukaribisha. Mchungaji akasema tuombe. Nta, mwanangu, kwa joto lile, chini ya bati, ilikuwa imelegea kama ugali uliopikwa na bwana harusi. Donge la kwanza likatua kwenye kilemba cha Mama Zakayo. Akafumbua jicho moja, akalifumba, nadhani alidhani ni upako. La pili likatua kwenye Biblia ya mchungaji. Hapo feni ikaanza kupiga kelele, gdu gdu gdu, na yule mpiga ngoma wa Puge, macho amefumba, akadhani kuna mtu ameanzisha wimbo, akaipokea. Aliipokea vizuri tu. Walikwenda pamoja kama vipimo viwili hivi vya muziki, ndipo feni ikashuka.

Jogoo alikata kamba akaruka juu ya waimbaji wa sauti ya tatu. Watu walisimulia mwaka mzima, nawe ulikuwa ukisimulia vizuri kuliko wote, unaiga mpaka jogoo. Mimi sijawahi kucheka. Nililitazama benchi la katikati. Lilikuwa vipande viwili, na panga moja limesimama kwenye ubao mahali ulipokuwa umechora herufi ya jina lako kwa msumari, niliyokuchapa kwa ajili yake.

Mchungaji akauliza, "Nani alifunga kitu hiki?"

Mama Zakayo, nta kichwani, akasema, "Si yule Seif wa mjini!"

"Alifunga kwa mate!" mwingine akadakia.

Nikafungua mdomo niseme. Nakuapia, niliufungua. Kilichotoka ni "Bwana asifiwe." Kanisa zima likaitikia "Amina," na mambo yakaishia hapo.

Fundi Seif alikuja Jumatatu, akapanda, akatazama ndoano, akaona nta iliyosalia. Akauliza, "Hii nta imefikaje huku?" Mzee mmoja wa kanisa akamjibu, "Hapa ni Unyamwezi, fundi. Nyuki hujenga popote." Mimi nilikuwepo, nimeshika ufagio. Nikafagia.

Tangu siku hiyo akaitwa Fundi Dondosha. Nyumba ya mchungaji ilipojengwa, nyaya wakampa mtu mwingine. Watoto wakimpita dukani wanadondosha kopo wanakimbia. Na siku ile alipokuja hapa kwetu kutazama pasi, ukapiga kelele kutoka uani, "Mama, Fundi Dondosha amefika!" nikakuzaba kofi mbele yake. Ulilia ukasema, "Lakini kila mtu anamwita hivyo!" Hukujua ulikosa nini. Hukukosa. Lile kofi lilikuwa langu, mwanangu, likapita kwenye shavu lako. Nisamehe.

Miaka kumi na mmoja, Kalunde. Halafu unakaa mbele yangu na ungo wa mchele unaniuliza ungekuwa wewe.

Kwa hiyo jana niliposema nakwenda mjini kukununulia sabuni, nikarudi bila sabuni ukashangaa, nilikuwa nimekwenda kwa Seif. Nilibeba chupa ya asali na ile skrubu.

Nikamwamkia, "Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mama Kalunde. Pasi tena?"

"Si pasi." Nikaweka skrubu mezani. Nikamwambia yote, mapazia, panga, nta, ufagio. Alikuwa anamenya waya. Akaendelea kumenya. Mpaka waya ukaisha.

Akauliza, "Nta uliweka panga lipi?"

"La upande wa pili."

"Ikatulia?"

"Ikatulia kabisa, fundi."

Akatikisa kichwa kidogo, nikaona kama ufundi umemfurahisha, nikaanza kutabasamu. Ndipo akapandisha sauti mpaka mteja mmoja akatoka. "Kumi na mmoja! Mama Kalunde, miaka kumi na mmoja mimi ni Dondosha! Mjukuu wangu shuleni anaitwa Dondosha Mdogo! Mtoto hajawahi kushika hata bisibisi!"

Nikasukuma chupa ya asali. Akairudisha. "Asali ninayo. Nataka useme."

"Nitamwambia mchungaji, fundi. Kesho tu, ofisini kwake."

"Feni iliangukia ofisini?"

Nikaivuta chupa yangu.

"Ilianguka kanisani," akasema, "na jina nilipewa kanisani. Utasema palepale. Jumapili. Na mimi nitakuja nisimame dirishani nisikie, na wajukuu nitawaleta."

Leo asubuhi nimekwenda kwa mchungaji kuomba nafasi kwenye matangazo. Hajaniuliza ya nini. Amenipanga baada ya tangazo la mbuzi aliyepotea. Baba yako nimemwambia kabla hajaenda mzingani; akasema tu, "Kumbe ile nta." Kwa miaka yote hii alidhani kuna mtu anamwibia.

Sasa sikia. Lile jibu langu la Jumanne nalichukua, nipe. Halikuwa la kwako, nilikuwa najitetea mimi.

Sikuambii mtambo ni mbovu. Nitajuaje? Huenda mkubwa wako anasema kweli, na huyo ameuzoea mtambo wake kama mimi na jiko langu. Lakini nimekuwa nikiwaza jambo moja tangu jana kwenye bajaji, nawe utaniambia kama nakosea. Mimi pale mlangoni, saa yangu ikiharibika, watu wote kanisani wamechelewa. Mchungaji amechelewa, kwaya imechelewa, hata mimi mwenyewe. Saa mbovu haiwezi kumchukia Mama Zakayo peke yake. Sasa kama kitambuzi ndicho kinachoumwa, mbona hakisemi uongo juu ya la kumi na sita, wala la kumi na nane? Mbona kinamsema mmoja tu? Na umeniambia vitambuzi viko vingi kulizunguka gurudumu. Vingine vinasemaje? Kama vyote vinamsema huyohuyo, basi hao si waongo, hao ni mashahidi. Kama ni kimoja tu kinachopiga kelele, hapo mkubwa wako ana neno. Litazame hilo kabla ya Jumatatu. Labda ulishalitazama, ndiyo maana ulikuwa unaitazama punje.

Na fomu haikukuuliza unaogopa nini, wala unataka kazi kiasi gani. Imekuuliza hali ya mapanga. Huna haja ya kuandika kwamba mtambo utapasuka. Andika ulichokiona: la kumi na saba linachelewa, lilianza lini, linaongezeka kiasi gani, na kwamba ulimwonyesha mkubwa wako. Kisha wenye mtambo waamue. Wakifungua wakakuta zima, watakucheka, na mimi nakujua, utalia chooni, utanawa uso, utarudi kazini au utarudi nyumbani. Nyumbani kuna mchele wa kuchambua. Kucheka kwao kutaisha. Mimi ninayeandika hapa sikuchekwa hata siku moja, watu waliniheshimu miaka kumi na mmoja, na sijakaa benchi la katikati tena mpaka leo.

Jogoo wetu nje anapiga kelele, nadhani ni wewe unaingia. Siyo, ni mbuzi wa jirani. Naendelea.

Jumapili usinipigie simu asubuhi. Nikisikia sauti yako nitaitafuta sababu ya kubaki nyumbani, na nikitafuta nitaipata, ninazo nyingi. Nimetoa gauni la kijani. Nimejaribu kusema maneno yenyewe mbele ya kuku, yakatoka yote mpaka mwisho, ila kuku hawamjui Seif. Matangazo huanza kama saa tano. Ikifika saa tano popote ulipo, simama kidogo kwa ajili yangu, hata kama uko kwenye foleni ya maji. Nikishamaliza nitakupigia mimi, na kama nalia usiniulize, wewe niambie tu umekula nini.

Halafu ulale. Jumatatu ni siku yako. Ukifika pale palipoandikwa hali ya mapanga na mkono ukawa mzito, ujue siku hiyo mama yako tayari anapita sokoni na watu wanamnyooshea kidole, na bado ananunua nyanya.

Wako anayekutangulia kwa siku moja,

Mama